Kuisakinisha kdump na kuitoa: somo kutoka maabara ya skuli Mkokotoni

Wanachuo wenzangu, khasa nyinyi wa elimu mnaosubiri kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha: mkifika skuli na ikajulikana kuwa mna laptop, basi maabara ya kompyuta mmeshakabidhiwa. Haijalishi somo lako ni Jiografia. Mie nasomea kufundisha Hesabu na TEHAMA, kwa hiyo angalau jina la maabara lilikuwa kwenye barua yangu. Makala haya ni kuhusu zana moja ya kusaka hitilafu za kerneli kwenye Linux, iitwayo kdump: namna ya kuisakinisha kwa kuandika amri, namna ya kuisoma, na namna ya kuitoa ikaondoka kweli. Sehemu ya mwisho ndiyo nitakayokaa nayo sana, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya zana hizi huishia pale inapofanya kazi.

Skuli niliyopangiwa ipo Mkokotoni. Kwa asiyepajua, ni kaskazini ya Unguja, daladala inapita Mahonda, na ukifika mwisho wa barabara unakuta soko la samaki na vyombo vya kwenda Tumbatu. Maabara ina kompyuta 11 za mtumba, kila moja ina RAM ya GB 2 na imewekwa Lubuntu 22.04. Kompyuta 5 kati ya hizo zilikuwa na maradhi: zinaganda katikati ya kipindi, panya haendi, kibodi haisikii, dawa ni kubonyeza kitufe cha kuzimia mpaka iage dunia. Mtoto aliyekuwa anaandika kazi yake ya mradi anaanza upya. Wengine walianza upya mara tatu.

Maalim anayesimamia maabara, mtu mzima mwenye subira, alikuwa na jibu moja. "Umeme huo, mwanangu. Hapa petu ni umeme tu." Simlaumu. Kwetu Unguja umeme una historia yake: waya wa chini ya bahari kutoka bara uliharibika Disemba 2009 na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Aliyeishi miezi ile hahitaji ushahidi mwengine. Lakini safari hii jibu lilikuwa na bei. Kamati ya skuli ilikuwa inataka kutoa fedha za michango ya wazazi kununua stebilaiza 11, na michango ile inatoka kwa watu wanaouza dagaa. Kama sababu si umeme, fedha zinakwenda na kompyuta zinaendelea kuganda.

Sasa tuanze somo.

Kerneli ni ile programu ya chini kabisa inayokaa kati ya programu zako na mashine yenyewe: inagawa kumbukumbu, inaendesha diski, inazungumza na kila kidude kilichochomekwa. Programu ya kuandikia ikianguka, kerneli ipo na inaandika kwenye daftari la mfumo kwamba fulani kaanguka. Kerneli ikianguka yenyewe, nani ataandika? Ndiyo maana ukiwasha tena na kutizama kumbukumbu za mara iliyopita kwa amri hii:

journalctl -b -1 -e

mara nyingi unakuta mistari ya kawaida tu, halafu kimya. Kimya hicho kinaweza kuwa umeme uliokatika, kinaweza kuwa kerneli iliyokufa kabla haijawahi kuandika kwenye diski. Ukiwa nje huwezi kuvitofautisha.

kdump, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2005 katika toleo 2.6.13, inatatua jambo hili kwa njia ninayoipenda. Fikiria jahazi linaloburuta kihori nyuma yake. Jahazi likizama, mtu mmoja anarukia kihori na daftari la nahodha mkononi. Kompyuta inapowaka, sehemu ya RAM inatengwa na kerneli ya pili inawekwa humo, imelala. Kerneli kubwa ikipata msiba, inaruka kwenye ile ya pili bila kuzima mashine. Ile ya pili inaamka ndani ya kisehemu chake, inaitizama kumbukumbu ya marehemu ikiwa bado ipo, inaihifadhi kwenye diski, kisha inawasha mashine upya. Kihori kina gharama yake, lakini: jahazi linakiburuta kila siku, hata siku ambazo bahari ni shwari. Shikeni hilo, tutalirudia.

Zipo zana nyengine. Kuna kgdb, ambayo unaisimamisha kerneli ikiwa hai na kuichungulia ukiwa kwenye kompyuta ya pili. Hiyo ilikubaliwa ndani ya Linux mwaka 2008 tu, na moja ya sababu za kuchelewa ni kwamba Linus Torvalds mwenyewe aliwaandikia watengenezaji wenzake mwaka 2000 akisema hapendi zana za namna ile; aliona zinawafanya watu watibu dalili badala ya kufikiri. Mie nakubaliana naye nusu. Kwa maabara ya skuli, kgdb haifai hata hivyo, maana inataka mtu akae pale akisubiri kompyuta igande. kdump inasubiri yenyewe usiku na mchana.

Kusakinisha. Kabla ya chochote, andika pembeni unacho nini:

uname -r
free -m

Ya kwanza inakupa toleo la kerneli. Ya pili inakupa jumla ya RAM kwa MB. Kwenye kompyuta ya kwanza jumla ilikuwa 1941. Namba hii iandikeni kwenye daftari la karatasi, itahitajika siku ya kuondoa. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-crashdump

Hiki ni kifurushi cha Ubuntu na ndugu zake (nasema kifurushi kwa maana ya programu iliyofungwa pamoja, cha simu nitakiita bando, tusichanganye). Ndani yake yenyewe hamna kitu. Kazi yake ni kuwaita wengine: kdump-tools, kexec-tools, makedumpfile na crash. Mzigo ni MB chache, bando la mwanachuo linauweza.

Katikati utaulizwa maswali mawili. La kwanza linahusu kexec kushika uwashaji upya wa kawaida wa mashine: jibu hapana. La pili linauliza kama kdump iwashwe: jibu ndiyo. Ukijibu vyengine kwa haraka, si msiba, rudia kwa sudo dpkg-reconfigure kexec-tools kwa swali la kwanza, na sudo dpkg-reconfigure kdump-tools kwa la pili. Washa kompyuta upya, maana RAM haiwezi kutengwa mpaka mwanzo wa safari. Halafu kagua:

cat /proc/cmdline
cat /sys/kernel/kexec_crash_size
kdump-config show

Kwenye ya kwanza tafuta neno crashkernel. Kwenye 22.04 utakuta 512M-:192M, maana yake: kompyuta yoyote yenye RAM kuanzia MB 512, itengewe MB 192. Ya pili inatoa ukubwa huohuo kwa baiti, 201326592. Ya tatu, ikiwa mambo ni mazuri, inaonyesha maneno ready to kdump.

Sasa ijaribu, na hapa muwe na adabu. Jaribio ni kuiua kerneli kwa makusudi. Hakikisheni hakuna mwanafunzi mwenye kazi wazi, hakuna faili linalonakiliwa, kisha:

sync
echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger

Kompyuta inakufa hapohapo. Usiguse kitu. Baada ya muda inawaka yenyewe, na ndani ya /var/crash kuna folda mpya yenye jina la tarehe na saa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walishangilia kama bao, kisha mmoja akauliza kwa nini mwalimu anavunja kompyuta ambazo tayari mbovu. Swali zuri. Nilimjibu kuwa kengele ya moto nayo hupigwa siku isiyo na moto.

Kuna jambo moja lisiloonekana ambalo kdump-tools inalifanya, na ni vyema mlijue. Kwa kawaida draiva ikikosea ndani ya kerneli, Linux hujaribu kuendelea kuishi, na ndipo unapopata kompyuta nusu mfu. kdump-tools inabadilisha mpangilio huo: panic_on_oops inakuwa 1, yaani kosa kama lile lihesabiwe kifo kamili ili taswira ipatikane. Kwa hiyo zana hii inaathiri tabia ya mashine. Si mtazamaji tu.

Tulingoja siku nne. Kompyuta 3 kati ya 5 zilianguka na kuacha taswira. Mbili nyengine ziliganda au kuzimika bila kuacha chochote.

Kusoma ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu maelekezo mengi yanawaambia watumie programu ya crash mara moja. Programu hiyo inataka faili kubwa la alama za kerneli yako ileile, lenye jina linaloishia na dbgsym, na kwa kerneli za siku hizi mzigo wake unazunguka GB 1. Kwa bando la kununua ni fedha. Lakini tizameni ndani ya folda ya tarehe: kuna mafaili mawili makuu. Moja linaanza na dump, hilo ndilo taswira yenyewe. Jengine linaanza na dmesg, ni maandishi matupu, ni maneno ya mwisho ya kerneli. Hilo linasomeka bila kupakua chochote:

sudo less /var/crash/TAREHE/dmesg.TAREHE

(TAREHE ni jina la folda mlilolikuta.) Nenda mwisho wa faili kisha panda juu taratibu. Maneno hayo ni ya Kiingereza na yatabaki hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitia OpenOffice Kiswahili, Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, lakini kerneli haitafsiri maneno yake kwa lugha yoyote. Nililigeuza kuwa zoezi: niliprinti ukurasa mmoja, kila kundi la wanafunzi likapewa kalamu nyekundu, watafute neno linalojirudia. Wasingeweza kuelewa namba zile, na hata mie si zote. Lakini kuna mstari unaoanza na RIP, ukitaja kerneli ilikuwa wapi ilipokufa, na mwisho wa mstari, kwenye mabano ya mraba, jina la moduli. Chini yake orodha ya nani alimwita nani. Makundi yote matatu yalipigia mstari jina moja, kwenye taswira zote tatu.

Lilikuwa jina la draiva ya kile kidude cha Wi-Fi cha USB. Mstari mwengine ulithibitisha, wenye neno Tainted na herufi O na E: O maana yake kuna moduli iliyotoka nje ya kerneli, E maana yake haikutiwa saini. Mtu fulani zamani aliileta kwenye flashi akaijenga humo.

Hapo bado ni tuhuma. Tulichomoa vidude vyote, siku tatu kimya. Tukarejesha kimoja kwenye kompyuta moja, siku ya pili ikaanguka, na jina lilelile. Nikampelekea Maalim karatasi zenye mistari myekundu. Alivaa miwani, akasoma kimya, kisha akasema, "Na hizi mbili zisizosema kitu?"

Hilo ndilo swali la mwalimu. kdump inanasa kifo cha kerneli peke yake. Umeme ukikatika, au RAM mbovu ikaigandisha mashine moja kwa moja, hata kerneli ya pili haipati nafasi ya kuamka. Kwa hiyo ukimya wa zana iliyokwisha kujaribiwa nao ni habari. Zile mbili zilikuwa kwenye soketi moja ya ukutani, na tulipozihamishia soketi nyengine zikatulia. Maalim alikuwa sawa kwa mbili, si kwa tano.

Sasa kuitoa. "Mwalimu, kwa nini unaitoa na imefanya kazi?" Aliuliza binti wa kidato cha tatu, na wenzangu kadhaa wa chuoni wameniuliza vilevile. Waswahili tumeshasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe halishiki. Pigeni free -m zana ikiwa ndani: ile 1941 imekuwa 1749. MB 192 zimetengwa na hakuna programu inayoweza kuzigusa. Kwenye sava yenye GB 64 ni chembe, iacheni hata milele. Kwenye kompyuta ya GB 2, hapo ndipo kivinjari kinapoanza kukwama, na mtoto anaona tumemletea maradhi mapya.

Watu wengi huandika hivi na kuondoka:

sudo apt remove linux-crashdump

Amri hiyo imefanya nini? Imetoa kile kifurushi kitupu kilichokuwa kinawaita wengine. Wengine wenyewe bado wamekaa. Hata mkiwataja kwa majina, remove inatoa programu na kuacha mafaili ya mipangilio, kwa nia njema kabisa, ukija kuisakinisha tena ukute mipangilio yako. Lakini kwa zana hii mpangilio mmoja, ule wa crashkernel, ndio unaotenga RAM. Ukibaki, kihori kinaburutwa bila mtu ndani. Kujua vifurushi vilivyoondoka vikaacha mipangilio:

dpkg -l | grep '^rc'

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza kuilaza kerneli ya pili, kisha kutoa kwa purge, ambayo inachukua na mipangilio:

sudo kdump-config unload
sudo apt purge linux-crashdump kdump-tools kexec-tools makedumpfile crash
sudo apt autoremove --purge

Kwenye ile ya tatu someni orodha kabla ya kukubali. autoremove inatoa kila kilichobaki bila mwenyewe, na pengine kuna kitu mnakihitaji. Halafu tizameni kwa macho yenu, msiamini:

ls /etc/default/grub.d/
ls /var/lib/kdump

Kama faili la kdump-tools bado lipo kwenye ya kwanza, lifuteni. Kwenye ya pili huwa kuna vifurushi vya kuwashia kerneli ndogo, kimoja kwa kila toleo, navyo vinakula diski. Kisha:

sudo update-grub

na kuwasha upya. Baada ya hapo rudieni ukaguzi uleule wa siku ya kwanza. Neno crashkernel lisiwepo kwenye /proc/cmdline, kexec_crash_size iseme 0, na free -m irejee kwenye namba ya daftari. Yangu ilirudi 1941. Ikiwa hamtaki kuwasha upya kwa sababu kipindi kinaendelea, RAM inaweza kuachiwa papo hapo, maadamu kerneli ya pili imeshalazwa:

echo 0 | sudo tee /sys/kernel/kexec_crash_size

lakini hiyo ni ya siku ile tu; kama mpangilio wa uwashaji haujafutwa, kesho itatengwa tena.

Kama mlipakua alama za kerneli, kuna mambo mawili zaidi: kifurushi cha dbgsym chenyewe, na lile faili mlilolitia ndani ya /etc/apt/sources.list.d/ ili kukipata. Mkiliacha, kila apt update inakwenda kuuliza huko kwa bando la skuli.

Na taswira zenyewe. Purge haiwi na sababu ya kuzigusa, ni data zenu. Ndani yake mna kumbukumbu ya kompyuta ilivyokuwa sekunde ya kufa. makedumpfile kwa mpangilio wake wa kawaida inaruka kurasa za programu za watumiaji, kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo ya watu haimo, lakini kilichokuwa mikononi mwa kerneli kimo, na hamjui kilikuwa nini. Kompyuta moja kati ya zile tatu ndiyo inayotumiwa na walimu kujazia alama za mitihani. Mie nilinakili mafaili ya dmesg peke yake, nikayasoma yote kwanza, kisha nikafuta folda moja moja kwa kuandika tarehe yake kamili. Msitumie nyota na rm -r mkiwa na sudo, na msimtumie mtu taswira nzima kwa WhatsApp ati akusaidieni kusoma. Mtumieni maandishi ya dmesg, yanatosha.

Ndani ya /var/crash mnaweza kukuta pia mafaili yanayoishia na .crash. Hayo mara nyingi ni ya programu za kawaida zilizoanguka, ingawa lenye jina linaloanza na linux-image linatokana na anguko la kerneli lenyewe.

Vidude vya Wi-Fi vimefungiwa kabatini, na maabara inatumia waya wa mtandao mpaka ipatikane draiva iliyomo ndani ya kerneli. Kamati ilinunua stebilaiza 2 badala ya 11, na fundi akaja kuifungua ile soketi. Kwenye daftari la maabara kuna ukurasa wa kila kompyuta: toleo la kerneli, RAM kabla, tarehe ya kuisakinisha kdump, tarehe ya kuitoa, RAM baada. Kompyuta namba 7 bado ina kdump ndani kwa makusudi, maana Maalim ameomba moja ibaki mpaka likizo, na tarehe ya kuitoa imeshaandikwa kwa penseli.